Sura ya Sita: Kuliondoa Bafu la Faiba na Kujenga la Vigae

Katika nyumba za Marekani zilizojengwa tangu miaka ya 1970, hususan zile zilizosimamishwa safu kwa safu katika vitongoji vya miji mikubwa, aghalabu mtu hukuta bafu la manyunyu la namna moja: chombo kimoja cha faiba, cheupe au cha rangi ya maziwa, chenye sakafu, kuta tatu na vidaka vya sabuni, vyote vimefinyangwa pamoja kiwandani na kuletwa kwa lori wakati nyumba ilipokuwa bado kiunzi kitupu cha mbao. Jamaa zetu waliohamia huko kutoka Mombasa, Unguja, Bukavu na Bujumbura, wakajaaliwa baada ya miaka ya kazi kununua nyumba kongwe huko Columbus au Houston, wamelipokea bafu hilo pamoja na nyumba, nalo limekwisha kufifia rangi, sakafu yake inabonyea chini ya nyayo, na pembe zake zimeshika weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa siki. Mtu akilitazama kila asubuhi, humjia hamu ya kuling'oa na kuweka vigae mahali pake. Nayo ni hamu njema, kwani mahali mtu anapojitoharisha panastahiki uzuri kama panavyostahiki unadhifu. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mwenye hamu hiyo, awe ameazimia kuifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, au kumsimamia fundi atakayeifanya kwa ujira.

Ni haki kwanza kukijua kinachoondolewa. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 kampuni mbili za kioo, Owens-Illinois na Corning Glass Works, zilishirikiana kuanzisha kampuni ya Owens Corning mjini Toledo, katika jimbo la Ohio. Nyuzi hizo zilipounganishwa na utomvu wa poliesta, ambao humiminwa ukiwa majimaji kisha ukaganda, kilipatikana kitu chepesi, kisichooza wala kushika kutu, chenye kukubali umbo lolote kinalopewa. Waunda boti walikipokea kwa furaha, na mwaka 1953 Chevrolet ilitoa gari lake la Corvette likiwa na bodi ya kitu hicho hicho. Bafuni kiliingia kwa njia iyo hiyo: fundi kiwandani hupaka juu ya kalibu tabaka jembamba la rangi ngumu yenye mng'aro, kisha akarushia nyuma yake nyuzi zilizokatwakatwa pamoja na utomvu, akazikandamiza kwa rola, na vikikauka bafu zima hutolewa katika kalibu. Mng'aro tunaousifu bafu likiwa jipya ni tabaka lile jembamba. Likisuguliwa miaka mingi kwa dawa kali za kusafishia hulika, na nyuzi zilizo chini yake huanza kunywa uchafu.

Lakini wenye kulidharau bafu hilo husahau fadhila yake moja kubwa, nayo ni kwamba halina kiungo. Kama mtungi uliotoka mikononi mwa mfinyanzi, maji yaliyomo hayana mahali pa kutokea ila tundu moja lililoachwa kwa makusudi. Vigae havina fadhila hiyo. Ukuta wa vigae una viungo kwa mamia, kila kiungo kimejazwa grauti, na grauti ya kawaida ni saruji na mchanga laini, na saruji hunywa maji. Kwa hiyo maji yatapenya, haba na haba, kila siku ambayo watu wanaoga, hata kama fundi alikuwa bingwa na vigae ni vya thamani. Mtu anayelivunja bafu la faiba amechukua dhamana ya kukiunda upya kile ambacho kalibu ya kiwanda ilikuwa imempa tayari, yaani chombo kizima kisichovuja, nacho akiunde nyuma ya vigae na chini yake, mahali pasipoonekana na mgeni yeyote. Vigae ni pambo la chombo hicho, wala si chombo chenyewe. Nalisema neno hili mapema na kwa mkazo kwa sababu yako mabafu mengi yanayopendeza macho huku yakiozesha nyumba kwa siri, na aliyegharimia vigae vya fahari hujua habari hiyo siku dari ya chumba cha chini inapoanza kupata doa.

Haja hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Walioijenga Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, walitia humo birika la kuogea lenye pembe nane. Na katika kisiwa cha Unguja, Sayyid Said alijengesha hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kisha mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akaujengea mji hamamu ya watu wote pale Hamamni. Mawe ya matumbawe yaliyotumika katika majengo ya pwani yamejaa vitundu, nayo hunywa maji kwa pupa. Kinga yao ilikuwa ni lipu ya chokaa, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka na kupigwa na kulainishwa hata ikashikamana. Jiwe lilichukua uzito, lipu ikazuia maji, na kila kimoja kilijua kazi yake. Mjenzi wa bafu la Marekani, ambaye kuta zake ni mbao na ubao wa jasi, anauhitaji ujuzi huo kuliko walivyouhitaji wao, maana jiwe likilowa hukauka likabaki jiwe, lakini mbao iliyolowa mahali pasipo hewa huoza, na jasi hulegea ikawa uji.

Kazi yenyewe huanza kwa kuvunja. Bafu la faiba liliingia nyumbani kabla kuta hazijazibwa, na kwa hiyo haliwezi kutoka zima. Yale yaliyo mengi yana urefu wa inchi 60, yaani sentimita 152, na hakuna mlango wa chumba utakaolipitisha. Maji ya nyumba yafungwe, koki ifunguliwe ili yaliyobaki katika mabomba yatoke, na tundu la sakafuni lizibwe kwa kitambaa lisimeze vipande. Kisha ubao wa jasi uliolizunguka bafu ukatwe inchi chache juu ya pindo lake, kwa sababu pindo hilo limegongomelewa misumari kwenye nguzo za kiunzi, na misumari isipong'olewa kwanza, kila pigo litaupasua ukuta unaotakiwa kubaki. Baada ya hapo msumeno wa umeme wenye bamba fupi hulikata bafu vipande vinavyochukulika na mtu mmoja. Nasisitiza ufupi wa bamba, kwani nyuma ya faiba yamo mabomba na pengine nyaya za umeme, na msumeno hauchagui.

Vumbi la faiba ni adui wa kweli. Ni vipande vya kioo visivyoonekana, ambavyo huwasha ngozi na kuyaumiza macho na mapafu. Basi mkataji avae barakoa ya kuchujia vumbi, wala si kitambaa cha kujifunga, na miwani iliyozibwa pembeni, na mikono mirefu, na mlango wa bafuni uzibwe kwa plastiki ili watoto walio vyumbani wasilivute. Nyumba ikiwa ni ya kabla ya 1978, mwaka ambao rangi zenye risasi zilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani, rangi ya ukutani ipimwe kabla ya kuguswa, na kadhalika vitu vinavyodhaniwa kuwa na asbesto. Kupima ni jambo la gharama ndogo ukilinganisha na siha ya waliomo nyumbani.

Kiunzi kikiwa wazi, mwenye nyumba atakiona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akioga mbele yake miaka yote. Pengine ni mbao kavu na safi. Pengine boriti ya chini imekuwa nyeusi na inachimbika kwa bisibisi. Mbao iliyooza ikatwe mpaka ilipo nzima na kupachikwa mpya, na boriti za sakafu zikaguliwe kwa hadhari, kwa sababu bafu la faiba lilikuwa jepesi na lenye kukubali kupinda, ilhali vigae na saruji ni vizito na havipindi. Kanuni ya wajenzi huko ni kwamba sakafu itakayobeba vigae isishuke katikati, inapolemewa, zaidi ya sehemu moja katika 360 ya urefu wa boriti kati ya mihimili yake. Ikishuka zaidi, grauti itafanya nyufa mwaka wa kwanza, na nyufa hizo hakuna dawa yake ila kuimarisha sakafu yenyewe.

Wakati huu ndio wa fundi bomba, wala asiitwe baadaye. Ikiwa mahali hapo palikuwa na hodhi la kulala, bomba la kutolea maji huenda likawa la inchi moja na nusu, nalo halitoshi bafu la kusimama; linatakiwa la inchi mbili, pamoja na kiwiko chake kinachoshikilia maji ili harufu isipande. Koki kongwe ibadilishwe na ile yenye kusawazisha nguvu za maji ya moto na ya baridi, ili mtu wa jikoni akifungua bomba, anayeoga asimwagikiwe na maji ya moto ghafula. Na kizuizi chake kiwekwe ili maji yasizidi nyuzi 49 za Selsiasi. Jambo jingine, ambalo watu huliacha kwa kuwa halina manufaa ya leo, ni kupigilia vipande vya mbao nene kati ya nguzo katika kimo cha kiuno. Mbao hizo zitashika vyuma vya kujizuia siku mama au baba mkongwe atakapokuja kukaa na wanawe, na ukuta ukishafungwa hakuna njia nyepesi ya kuzitia. Kwangu mimi hili ni katika staha tunayowiwa na wazee wetu, nami sijui bafu la familia linaloweza kuitwa kamili pasipo hilo.

Sasa tumefika kwenye sakafu, na hapa ningemsihi msomaji asiharakishe. Mafundi wa zamani wa Marekani walitandika chini ya vigae bamba la risasi, na baadaye plastiki nene, kisha juu yake wakaweka saruji ya mchanga, kisha vigae. Mpango huo ni sahihi ukitimizwa, kwa kuwa unakiri wazi kuwa maji yatapita katika vigae na saruji, nao unayaandalia njia ya pili: tundu la kutolea maji huwa na vitundu vidogo ubavuni, na maji yaliyofika kwenye plastiki hutiririka juu yake mpaka yakaingia humo. Lakini maji hayatiririki mahali palipo sawa. Plastiki yatakiwa ilale juu ya mteremko uliotengenezwa kwanza, na taksiri iliyoenea kupita zote ni kuilaza juu ya sakafu tambarare na kuweka mteremko juu yake tu, katika saruji. Bafu la namna hiyo huonekana zuri na maji ya juu hukimbia vizuri, huku yale ya chini yamesimama katika saruji kama katika kinamasi, mwaka hata mwaka, hata vigae vya sakafu vikabadilika rangi na harufu ikaanza kupanda ambayo hakuna anayejua inatoka wapi.

Njia mpya, ambayo mimi naipendelea, huweka utando usiopitisha maji juu ya saruji ya mteremko, mara chini ya vigae, na vigae hubandikwa juu ya utando wenyewe. Miongoni mwa walioieneza ni Werner Schlüter, fundi wa vigae wa Iserlohn huko Ujerumani, na leo tando za namna hiyo, za kubandika na za kupaka, zinatoka katika viwanda vingi. Uzuri wake ni kwamba saruji ya chini hubaki kavu daima, na bafu lote hukauka upesi baada ya mtu kuoga. Sharti lake ni uaminifu wa kila kiungo: karatasi moja ya utando iipande nyingine angalau inchi mbili, pembe zitiwe vipande vyake maalumu, na mdomo wa tundu la maji ushikamane na utando pasipo mkunjo. Ile ya kupaka hudanganya wengi, kwani huwa kavu kwa kuguswa kabla haijafikia unene unaotakiwa. Ipakwe angalau mara mbili, na unene upimwe kwa kipimo kinachouzwa kwa kazi hiyo, pasitegemewe jicho.

Mteremko ni robo inchi kwa kila futi, yaani kama milimita 6 kwa kila sentimita 30. Saruji yake huchanganywa sehemu moja kwa nne au tano za mchanga, na maji machache mno, kiasi kwamba ukiifumbata mkononi hushikana bila kuchuruzika. Fundi huanza kwa kuchora ukutani, kwa pimamaji, mstari mmoja unaolizunguka bafu lote kwa kimo kimoja, nacho hupimwa kutokana na ukuta ulio mbali kabisa na tundu. Ukuta huo ukiwa mbali sentimita 75, kimo kitakuwa milimita 15 juu ya mdomo wa tundu. Pande zilizo karibu na tundu zitakuwa na mteremko mkali zaidi, na hilo halidhuru, bali kimo kikiwa kimoja pande zote, safu ya kwanza ya vigae vya ukutani itakaa sawa na haitahitaji kukatwakatwa kwa mshazari. Kizingiti cha mlangoni nacho kiinamie ndani, kisipungue inchi mbili juu ya tundu, na utando ukipande na kukifunika chote. Mwenye kuja kuweka mlango wa kioo asithubutu kukitoboa kwa parafujo, kwa maana tundu moja la parafujo juu ya kizingiti limekwisha kuharibu mabafu yaliyojengwa kwa uangalifu wote.

Kisha sakafu ijaribiwe. Tundu lizibwe kwa kizibo cha kukaza, maji yajazwe inchi mbili, na mstari wa penseli upigwe pale yalipofika. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi huridhika na dakika 15. Mimi siridhiki, na mafundi wenye sifa hawaridhiki, ila kwa saa 24. Kesho yake maji yatazamwe dhidi ya mstari, na dari ya chini ipapaswe kwa kiganja. Yakipungua, kosa litatafutwa na kusahihishwa kwa kipande cha utando na saa chache za kazi. Likikosekana leo litatafutwa siku nyingine kwa nyundo na patasi, baada ya kuvunjwa vigae vyote. Fundi anayemwambia mwenye nyumba kuwa hana haja ya jaribio hilo kwa sababu amefanya kazi hii miaka mingi, apewe shukrani zake na jaribio lifanywe. Huu ndio ushahidi pekee ambao mwenye nyumba atapata kuuona kwa macho yake, maana kila kitakachofuata kitaufunika.

Kuta zahitaji maneno machache. Ubao wa jasi wa kijani, uliotumika nyuma ya vigae kwa miongo mingi kwa kuwa uliaminika kustahimili unyevu, haukustahimili, na kanuni za ujenzi ziliuondoa mahali pa manyunyu. Ubao wa saruji hauharibiki kwa maji, lakini huyapitisha. Basi nao upewe utando usoni mwake, viungo vyake vikiwa vimefungwa kwa mkanda wa wavu na gundi ya saruji. Wengine huongeza plastiki nyuma ya ubao wakidhani kinga mbili ni bora kuliko moja, kumbe wameufungia unyevu katikati ya kuta mbili zisizo na mlango. Ichaguliwe moja, na ya mbele ndiyo bora.

Ndipo vigae vinapokuja, na hapa mwenye nyumba ana wasaa wa kufurahia. Vigae vya poselini hunywa maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na kwa hiyo vinafaa kila mahali. Marumaru ya asili hupendeza kuliko vyote, ila hunywa maji na kushika madoa, na maji yenye chuma huigeuza iliyo nyeupe kuwa ya rangi ya kutu. Sakafuni vichaguliwe vidogo, vya inchi mbili kwa mbili, kwani vidogo hufuata mteremko bila kukatwa, na viungo vyake vingi huupa unyayo mahali pa kujishika. Vikubwa viwe vya ukutani. Hapo kale kila kigae kilikalishwa katika lipu nene ya saruji, kazi iliyotaka uanagenzi wa miaka. Katika miaka ya 1950 ilipatikana gundi ya saruji ya tabaka jembamba, na Henry M. Rothberg, mwanakemia aliyeanzisha kampuni ya Laticrete mwaka 1956, ni mmoja wa waliotia ndani yake ulimbo wa mpira ili ishike kwa nguvu. Wepesi huo umefungua mlango kwa watu wa kawaida, lakini pia umewafanya wengine waweke gundi kwa matone matano nyuma ya kigae na kukibandika. Mahali pa maji, gundi ienee nyuma ya kigae asilimia 95 angalau. Fundi aichane kwa mwiko wenye meno kuelekea upande mmoja, akibane kigae kwa kukisogeza, na kila baada ya muda abandue kimoja akitazame mgongo. Palipo na uwazi, maji yatakaa.

Safu ya kwanza kubandikwa isiwe ya chini kabisa. Ubao ulionyooka upigwe ukutani juu ya kimo cha utando wa sakafu, uwekwe sawa kwa pimamaji, na vigae vianzie juu yake, huku timazi ikishuhudia wima wao. Safu ya chini itajazwa mwishoni, na kila kigae chake kitakatwa kulingana na sakafu ilivyo, na matundu yaliyoachwa na ubao katika utando wa ukuta yatazibwa kwa utando kabla ya hapo.

Gundi ikishakauka, kwa kawaida baada ya siku nzima, grauti itiwe, ila isitiwe katika pembe. Pale ambapo ukuta unakutana na ukuta, na ukuta unakutana na sakafu, nyumba hujongea kidogo kwa joto na baridi, nako majira ya Marekani ni makali. Grauti ikijazwa humo hupasuka, bali silikoni ya rangi ile ile hunyumbulika na kubaki. Kisha bafu liachwe siku chache pasipo maji, kama maelezo ya gundi na grauti yanavyoagiza, hata kama watu wa nyumbani wameshachoka kuoga kwa jirani. Vigae vilivyosalia, visipungue kumi, viwekwe ghalani pamoja na pakiti ya grauti yenye jina la rangi yake, maana kiwanda hakitakumbuka rangi hiyo miaka mitano baadaye. Na pamoja navyo ziwekwe picha za ukuta kabla haujafungwa, zikiwa na futikamba iliyonyooshwa kando ya mabomba, ya koki na ya zile mbao nene, ili fundi atakayekuja kutengeneza koki ajue mahali pa kutoboa.